Mgeni wa Kwanza wa Dativa

Dativa alihama kutoka kwa shangazi yake siku ya Jumanne, na hadi Jumamosi asubuhi alikuwa bado hajapata ujasiri wa kumwambia mama yake. Kila jioni alishika simu, akaandika, akafuta. Angejua kwamba shangazi Benigna alishampigia mama simu kijijini Rubya Jumanne ile ile, kabla hata godoro halijashushwa kwenye bajaji, asingejisumbua kuandika. Katika ukoo ule habari hazikuwahi kulala njiani.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, na mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto. Alipokuwa na miaka saba, baiskeli iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi ilimwangukia kwenye mteremko wa kwao Rubya, akavunjika, na mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo alitembea kwa fimbo, na tangu hapo kila aliyempenda aliona upendo wenyewe ni kuhakikisha hatembei. Shuleni alipelekwa kwa baiskeli, kanisani kwa baiskeli, chuoni kwa bodaboda. Kisimani hakutumwa, dukani hakutumwa. Alipakiwa na kushushwa kama gunia la kahawa, ila gunia haliulizwi kama limechoka, na yeye aliulizwa kila baada ya dakika tano.

Alipopata kazi ya kuchora ramani katika ofisi moja ya upimaji ardhi mjini Bukoba, ilikuwa wazi kwa kila mtu, isipokuwa yeye mwenyewe, kwamba angeishi kwa shangazi Benigna kule juu Kibeta. Nyumba ilikuwa nzuri, haina kasoro. Migomba nyuma, geti mbele, maji ndani. Mwendesha bodaboda mmoja, Rwekaza, mtu mzima mwenye heshima zake, alimchukua getini asubuhi akamshusha mlangoni pa ofisi, na jioni akamrudisha. Baada ya miezi mitatu Dativa aliufahamu mgongo wa Rwekaza kuliko alivyoufahamu mji. Alijua koti lake limechanika wapi. Hakujua nyanya zinauzwa wapi.

Hakuna aliyemkosea, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Angemlalamikia nani? Shangazi alimpakulia ndizi mpaka sahani ikafurika, akamwekea mto wa pili kitandani, akamkataza hata kuosha kikombe. Dativa alishukuru kwa moyo mmoja, na kwa moyo ule ule akatamani kukimbia, kama kukimbia kungewezekana. Alitaka kitu kimoja tu: maisha ambayo angeyafikia kwa miguu yake mwenyewe, huu mrefu na huu mfupi.

Basi akaanza kutafuta. Kila Jumamosi alisema ana kazi ya ziada, Mungu amsamehe, Rwekaza akamshusha ofisini, na bodaboda ilipopotea kona, Dativa akashika fimbo yake akaenda kupima mitaa. Kupima ndiyo ilikuwa kazi ya ofisi yao, na kipimo chake hakikuwa kigumu. Mtu atoke nyumbani, anunue nyanya, apite kwa muuza mkaa, afike kazini, kabla mguu haujaanza kunung'unika. Bunena palimvutia kwa upepo wa ziwa, lakini mlima wake ulimshinda katikati. Rwamishenye palikuwa na malori yaliyomfanya asali sala zote anazozijua kila alipotaka kuvuka barabara. Hamugembe alikwenda mara mbili, na mara zote mbili akarudi na goti limevimba.

Kisha akafika Kashai, upande wa chini, ambako ardhi imetulia kama meza. Akashangaa kwamba miezi yote ile mtaa huu ulikuwepo na yeye alikuwa akipitishwa kando yake. Karibu kila mtu aliyepanga pale alikuwa kijana mwenye kazi mpya na masufuria mapya. Walimu wa mwaka wa kwanza, wauguzi, mafundi simu, wasichana wa benki wanaotembea na raba huku viatu vya kisigino viko mkobani. Asubuhi walitoka kwa miguu, makundi makundi, wakicheka. Jioni walirudi hivyo hivyo, wakasimama katikati ya njia kuzungumza, bodaboda zikapiga honi, na hakuna aliyeshtuka. Dativa alisimama kando ya kibanda cha chapati akawatazama, na hakujificha kwamba alikuwa akiwaonea wivu.

Nyumba aliyoipata ilikuwa ya Ta Byarugaba, mzee aliyefiwa na mke, aliyepangisha vyumba sita na kukaa katika cha saba. Mzee alimwuliza swali moja tu.

"Unapika mwenyewe?"

"Ninapika."

"Vizuri. Hawa wengine wanaishi kwa chipsi kama panya wa ghala." Akampa ufunguo.

Kwa hiyo siku ya nne baada ya kuhamia pale, Jumamosi saa tano asubuhi, Dativa alikuwa ameketi kizingitini mwa chumba chake akichambua maharage, alipoona msafara unakuja. Mbele alikuwa mpika chapati wa kona na aproni yake. Nyuma yake fundi cherehani, futi shingoni. Kisha jirani wa chumba cha pili, Kokuberwa, muuguzi, aliyekuwa akitoka kazini na macho ya usingizi. Na katikati yao, mtu asijue kama ni malkia au mtuhumiwa, Ma Annastella mwenyewe, mama yake, amevaa gauni la kanisani, na kwapani ana kiroba kikubwa kitupu kilichokunjwa vizuri.

Kiroba kile Dativa alikielewa mara moja. Mama alikuja kumfungasha.

"Tumekuletea mama," alisema mpika chapati kwa fahari, kana kwamba alimwokota.

Kokuberwa, pamoja na suruali yake ya jinzi na uchovu wake wa zamu nzima, alipiga magoti pale pale kwenye saruji akamsalimia mama kwa Kihaya, kama inavyotakiwa. Mama akaitikia kwa kirefu, akauliza kwao, akauliza mazao, kwa maana salamu haina kosa. Salamu zilipokwisha, watu wale wakatazamana, wakakiona kiroba, wakakumbuka shughuli zao.

"Siku nne," alisema mama walipobaki wawili. "Siku nne tu, na kila niliyemwuliza anakujua. 'Dativa wa ramani? Pita huku, mama.' Umekuwa nani wewe, diwani?"

"Nyegera, Mae," alisema Dativa, akimkaribisha mama kwa Kihaya. "Karibu ndani."

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, jiko, viti viwili vya plastiki. Mama alikaa kwenye kimoja kwa tahadhari, akakagua dari, dirisha, komeo la mlango. Dativa alikuwa amechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hufanya yale aliyoyazoea. Akachukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa, akakishika kwa mikono miwili akakipeleka mbele ya mama yake. Mama naye, akiwa bado anakagua komeo, alinyoosha mkono, akachukua punje mbili akazitia mdomoni.

Kisha akaacha kutafuna.

Kwao hakuna asiyejua maana ya jambo hilo. Kahawa hupewa mgeni, na anayeitoa ni mwenye nyumba. Mama alikuwa amekuja kama mwenye mali aliyefuata kilicho chake, na sasa mkono wake, kwa mazoea ya miaka hamsini na minane, ulikuwa umemfanya mgeni. Huwezi kutafuna kahawa ya mtu kisha ukaanza kumfungia vyombo vyake.

"Umenitega," alisema mama, punje zikiwa shavuni.

"Sikukutega, Mae. Nilisahau kuogopa, nikakukaribisha."

"Niiteme?"

"Ukitaka."

Mama alifikiri. Alikuwa mwanamke wa Rubya aliyelelewa vizuri. Akatafuna, tena kwa hasira, kahawa ikasikika.

"Benigna amekukosea nini?" akaanza upya.

"Hajanikosea kitu."

"Amekunyima chakula?"

"Amenilisha mpaka sketi zimenibana."

"Sasa hapa kuna nini? Vijana watupu. Muziki nimeusikia tangu barabarani. Hakuna hata mgomba mmoja. Mtu anaishije mahali ambapo haoni mgomba?"

"Hapa nikitoka mlangoni, Mae, kila ninapokwenda ninafika. Jana nilinunua nyanya, zikawa mbovu, nikarudi kugombana na muuzaji. Nikiwa kwa shangazi sijawahi kugombana na mtu wa nyanya."

"Hilo nalo ni la kujisifia?"

"Kwangu mimi, ndiyo."

Mama alikilaza kiroba magotini. Nje mtu alikuwa akipiga mluzi, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilipita dirishani. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na ukianguka?"

"Nimeshaanguka. Jumatano, pale kwenye mtaro, mvua ilikuwa imenyesha."

Mama alifumba macho.

"Watu watatu walikuja mbio," Dativa aliendelea. "Nikawaomba wanishikie fimbo tu. Nikainuka mwenyewe. Nilichafuka, nikaenda kazini hivyo hivyo, tukacheka."

"Mimi ndiye niliyekutuma," alisema mama.

Dativa hakuuliza wapi. Walikuwa wameishi na jambo hilo miaka ishirini, likila nao mezani, na hakuna aliyewahi kulitaja.

"Ulikuwa unacheza," mama alisema. "Nikakuita. Nikakwambia nenda ukaishike baiskeli nyuma, baba yako asihangaike peke yake kwenye mteremko. Ulisema hutaki. Nikakukaripia. Hadi leo naisikia baiskeli ile ikianguka. Ukiwa kwa Benigna, nyuma ya geti, nalala. Siku hizi nne sijalala, Dativa. Sijalala kabisa."

Akalia, si kwa kelele, machozi tu yakishuka huku ametazama ukuta. Dativa alisogeza kiti chake, akamshika mkono. Alimpenda mama yake saa ile kuliko alivyowahi kumpenda, na bado hakutaka kurudi Kibeta. Mambo yote mawili yalikaa kifuani mwake pamoja, wala hayakugombana.

"Mae," alisema, "mimi sina kinyongo na wewe. Sijawahi kuwa nacho. Lakini siwezi kukaa nyuma ya geti maisha yangu yote ili niwe dawa yako ya usingizi."

Hakuwahi kumjibu mama yake hivyo. Alisikia maneno yakitoka akatamani kuyadaka, na wakati huo huo akafurahi kwamba yalikuwa yameshatoka. Mama aliutoa mkono wake taratibu. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akasimama, akakikunja kiroba chake upya ingawa hakikuwa kimekunjuka.

"Basi mimi nakwenda. Gari la mchana litanitosha."

"Hujala, Mae. Maharage..."

"Sina njaa."

Dativa akasimama, akachukua fimbo.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Nakusindikiza."

"Kaa chini. Ni mbali, na jua kali."

"Umetafuna kahawa yangu. Wewe ni mgeni wangu wa kwanza. Uondoke peke yako kama mtoza ushuru? Majirani watanisema, na watakusema na wewe kwamba hukunifundisha."

Hapo mama alikwama. Kule Rubya, mgeni alipoaga, nyumba nzima ilitoka kumsindikiza, baba, mama, watoto, hata mbwa. Walimpeleka kupitia migombani, wakateremka naye mlima hadi barabara kubwa, na mazungumzo matamu kuliko yote yalikuwa yale ya njiani. Dativa alibaki kizingitini kila mara, akipunga mkono hadi migongo ya watu ilipopotea. Hakuwahi kumsindikiza mtu yeyote. Na desturi ilikuwa na sheria yake ndogo: anayesindikiza hageuki kwa hiari yake. Mgeni ndiye humwachia. Humwambia "rudi sasa, umefika mbali," ndipo mwenyeji akarudi kwake.

Wakatoka. Mama alianza kwa mwendo wa hasira, hatua kumi mbele, kiroba kwapani. Dativa hakujaribu kumkimbilia. Alipita kwa mpika chapati, akasalimiwa, akajibu. Alipita kwa fundi cherehani, akaulizwa kama mama ndiye anaondoka kweli, mbona hajakaa. Kila salamu mama aliisikia, na kila aliposikia mwendo wake ulipungua, kwa sababu hata mtu mwenye hasira hawezi kupita bila kujibu akisalimiwa. Walipofika kwenye miti ya barabarani walikuwa bega kwa bega.

"Hakuna mahali pa kukaa katika mji huu?" mama akauliza. Alikuwa akihema.

"Pale, kwa muuza magazeti. Kuna benchi."

"Umechoka?"

"Sijachoka, Mae. Umechoka wewe."

Mama alitaka kukataa, goti lake likamwumbua. Akatandika kiroba juu ya benchi kulinda gauni, wakakaa wote wawili. Muuza magazeti aliwasogezea kivuli cha mwavuli wake bila kuombwa. Mama alimshukuru, akamwuliza anatoka wapi, akaambiwa Izimbya, na mara wakawa wanazungumza habari za mvua na bei ya kahawa kama watu waliokua pamoja. Dativa alisikiliza. Ilimjia kwamba ni mara ya kwanza maishani yeye kumngoja mama yake apumzike, akajisikia vizuri, kisha akajisikia vibaya kidogo kwa kujisikia vizuri.

Kwenye daraja la mto Kanoni mama alisimama. Hapo ndipo mgeni yeyote mwenye adabu angesema "rudi sasa". Dativa alingoja. Mama alitazama maji, akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea na safari. Dativa akaelewa. Ukimwambia mtu arudi, umekubali kwamba ana mahali pa kurudi, na mama hakuwa tayari.

Kwenye kona ya soko alisimama tena. Pia hakusema. Mguu wa Dativa ulikuwa umeshaanza kunung'unika, na sasa ulikuwa ukisema waziwazi, lakini alikaza meno akasukuma fimbo. Hakutaka kuomba kuachiwa. Kama mama angetaka kumsindikizisha hadi Rubya, basi wangetembea hadi Rubya.

Wakafika stendi. Mama alipata kiti cha dirishani katika Hiace iliyobakiza abiria wawili. Dativa akasimama chini ya dirisha, jasho likimtiririka, fimbo imezama kwenye vumbi. Walitazamana.

"Utarudi na nini?" mama aliuliza.

"Na miguu."

Mama akanyoosha mkono nje ya dirisha, juu kabisa, na papo hapo bodaboda ikaja, dereva akamwonyesha Dativa kiti kwa kidole. "Twende, dada." Dativa hakusogea. Alimtazama mama tu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa kweli, kwa sababu alijua kwamba akipakiwa sasa, mbele ya macho ya mama, atapakiwa daima.

Mama aliitazama bodaboda. Akautazama mguu mfupi, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaushusha mkono wake.

"Samahani, baba," alimwambia dereva. "Nilikuwa nafukuza nzi."

Dereva akaondoka akiguna. Abiria wa mwisho akapanda, kondakta akagonga bati la gari, injini ikanguruma.

"Dativa."

"Abee, Mae."

"Umenisindikiza vya kutosha. Umefika mbali. Rudi kwako."

Neno la mwisho lilimkwama kidogo, akajitia anakohoa. Dativa aliichomoa fimbo vumbini. Akasema "safari njema", akageuka kwanza, kama inavyompasa mwenyeji aliyeachiwa. Alijua mama anamtazama kwa nyuma, na hakujaribu kutembea vizuri kuliko anavyotembea siku zote. Gari lilikuwa bado halijaondoka, na dirisha lilikuwa wazi. Akamsikia mama akimwambia abiria wa pembeni, kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayetaka gari zima lisikie:

"Yule pale mwenye fimbo ni mwanangu. Nilikuwa nimemtembelea kwake. Amenisindikiza kwa miguu mpaka hapa."

"Kutoka wapi?" abiria aliuliza.

"Kashai, kule wanakokaa vijana. Ni mbali, waitu!"

Haikuwa mbali hata kidogo. Dativa alicheka peke yake katikati ya stendi, machozi yakimtoka na mguu ukimwuma, kisha akashika njia ya kurudi nyumbani.